Tairi Mbili za Nyuma

Nurija alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la kuni, akikoroga mchanga juu ya bamba la chuma kwa koleo la majivu, kama mtu anayekaanga kahawa. Mchanga huo aliuchota mtoni mwezi wa kumi, kabla ardhi haijaganda, na tangu mchana alikuwa akiukausha kidogo kidogo. Mchanga wenye unyevu huganda ndani ya mfuko ukawa jiwe, na jiwe halimsaidii mtu aliyekwama. Ukishakauka aliumimina katika mifuko midogo ya kilo ishirini, akaifunga kwa kamba, kisha akaipapasa chini kuona kama inavuja. Yote hayo aliyafanya kwa vidole kuliko kwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake mawili, na upasuaji wake ulikuwa umepangwa mwezi wa nne. Mpaka hapo, kila kilichokuwa mbali naye zaidi ya hatua kumi kilikuwa maziwa matupu.

Mezani, mkewe Hasnija alikuwa akitandaza unga wa pita, andazi la tabaka linalookwa kwenye sinia, ameketi, miguu ikiwa juu ya kigoda.

"Umejaza mingapi?" aliuliza.

"Miwili. Wa tatu unakauka."

"Mzee wewe, iko siku utatupakulia mchanga tukadhani ni chakula."

"Mchanga hauna chumvi. Daktari wako angefurahi sana."

Hasnija alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekatazwa chumvi, akakatazwa jibini la nyumbani kwake mwenyewe, na maji yake ya kutwa aliyapima kwa finjani ya kahawa. Figo zake zilikuwa zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alipelekwa hospitali ya Sjenica, kilomita ishirini na nne kutoka kijijini kwao Ravnica, akalazwa kwa muda wa saa nne kando ya mashine inayosafisha damu, akarudi. Kwa miezi mingi maisha yalikwenda hivyo, na nyumba ilikuwa na amani yake. Paka alilala, kuni zilipasuka jikoni, na nje upepo wa uwanda wa Pešter ulipita juu ya paa bila kumgusa mtu.

Ndipo injini ikanguruma barabarani. Ilinguruma, ikapanda sauti, ikazunguka, na vijana wa dukani wakasikika wakipiga mbinja. Hasnija aliacha mti wa kutandazia unga.

"Huyo mwanao," alisema.

"Akifanya vizuri ni mwanao," alijibu Nurija. "Akizungusha gari mbele ya duka ni mwanangu."

Ndugu zangu, kabla sijaendelea, niseme wema wa Fehim kwanza, kwa sababu hata mwenye kosa ana haki ya kutajiwa wema wake. Fehim alikuwa Stuttgart, Ujerumani, miaka saba akipaka rangi majumba ya watu. Mama yake alipoanza kwenda kwenye mashine, aliacha kazi, akaaga, akarudi nyumbani mwezi wa tisa ili awe yeye wa kumpeleka. Wana wangapi wa nyanda hizi wamefanya hivyo? Wengi hutuma picha.

Lakini alirudi na gari. Lilikuwa gari la spoti, jeusi, la chini, lenye pua ndefu, ambalo magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo husukuma. Lilipoingia Ravnica mara ya kwanza watoto walilifuata kama bibi harusi. Wiki mbili baadaye Fehim aliuza mnadani ile Niva ya zamani ya baba yake, gari la sanduku lililovuta kwa magurudumu yote manne na lililowahi kupanda mahali ambapo mbuzi hufikiri mara mbili. Kisha akapiga simu hospitalini, akawaambia kwamba dereva wa gari la wagonjwa asihangaike tena kuja Ravnica.

"Watu watasema nini?" alimwambia baba yake siku ile. "Kwamba Hasnija ana mwana mwenye gari kama hili, na bado anazolewa na gari la wagonjwa kama yatima?"

Nurija, aliyekuwa ameendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja katika barabara hizi, lori ambalo nalo lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, alifungua mdomo. Akaufunga. Mwana alikuwa amerudi nyumbani. Nani amvunje moyo?

Sasa ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa kwanza. Jumamosi iliyopita dhoruba ilikuwa imefunga barabara, na Hasnija alikuwa amekosa mashine. Ndiyo maana miguu yake ilikuwa juu ya kigoda, imevimba hadi magotini, na ndiyo maana akipanda ngazi tatu alisimama kuvuta pumzi. Kukosa mara moja mwili huvumilia. Kukosa mara mbili mfululizo, kila mtu ndani ya nyumba ile alijua maana yake, na hakuna aliyeitamka.

Fehim aliingia akipangusa theluji, mashavu mekundu kwa furaha.

"Baba, njoo uone! Nimefunga tairi za theluji. Mpya kabisa, za nyuma zote mbili. Meno yake hivi!" Alionyesha kwa kidole gumba.

"Na za mbele?"

"Za mbele ni zile zile za kiangazi, bado nzuri. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, baba. Ndiyo yanayohitaji meno. Ya mbele kazi yake kuelekeza tu."

"Kuelekeza tu," Nurija alirudia taratibu. "Na kusimama je? Gari likifunga breki, uzito wote unakimbilia wapi?"

"Baba, hili si lori la maziwa."

Hapo ndipo Nurija alipopaswa kusimama imara, ndugu zangu. Ni wengi kwetu wanaofunga tairi mbili za theluji nyuma, wakaridhika kwa sababu gari linaondoka. Alilijua kosa hilo kama anavyojua jina lake. Lakini alilotamka lilikuwa dogo tu: "Basi weka mifuko hii mitatu kwenye buti. Isukume karibu na kiti, juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, isiwe mkiani. Na uifunge isitembee."

Fehim aliitazama mifuko kama mtu aliyepewa mbuzi ampandishe kwenye buti. "Sawa, baba," alisema.

* * *

Asubuhi ya Jumanne theluji mpya ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Fehim alitoka kwanza kwenda dukani kununua betri za tochi, akarudi. Hasnija aliketi mbele, amefunikwa blanketi, sinia la bati lenye pita mapajani kwa ajili ya manesi. Nurija alijikunja nyuma, katika kile kiti chembamba ambacho watengenezaji walikusudia kiwe cha kofia.

"Umekaa vizuri, mzee?" Hasnija aliuliza bila kugeuka.

"Magoti yangu yanaongea na masikio."

Waliondoka saa moja. Kabla hawajafika mwisho wa kijiji, Nurija aliisikia habari kwa makalio yake. Mkia wa gari ulikuwa mwepesi. Ulicheza kidogo kila Fehim alipokanyaga mafuta, kama mkia wa ng'ombe mwenye nzi. Gari lenye kilo sitini za mchanga juu ya ekseli haliketi hivyo. Alijua, na akanyamaza, asimtie mwana aibu mbele ya mama yake.

Mlima wa kwanza waliupanda bila shida. Tairi mpya ziliuma theluji kwa sauti nzuri, ya kutafuna.

"Umeona, baba?" Fehim aliita kwa furaha. "Umeona linavyopanda?"

"Naona maziwa," alisema Nurija. "Lakini nasikia linapanda. Sasa tunateremka. Punguza."

"Nimepunguza."

Hakuwa amepunguza vya kutosha. Kona ya chemchemi iko chini ya mteremko, na pale maji hutoka ukingoni yakavuka barabara na kuganda, majira yote ya baridi. Fehim alikata usukani kushoto. Gari likaendelea mbele. Alikata zaidi, na gari likaendelea mbele vilevile, limenyooka, kana kwamba usukani ulikuwa wa mtoto wa kuchezea. Nurija alisikia tairi za mbele zikiacha kutafuna na kuanza kunong'ona.

"Achia breki! Rudisha usukani!"

Fehim alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Waliangusha mti mmoja wa alama ya barabara, wakaruka ukingo, wakazama ndani ya rundo la theluji hadi kwenye taa.

Gari likasimama. Kisha sinia likalia.

"Hasnija," alisema Nurija. "Umeumia?"

"Hapana. Ila kiatu kimoja kimenipotea."

Uso wa Fehim ulikuwa umepauka. Aliweka gia ya nyuma, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, yakalia, harufu ya mpira ikajaa ndani.

"Zima," alisema Nurija.

"Litatoka, baba! Bado kidogo!"

"Linachimba kisima. Na bomba la moshi limezikwa. Unamvutisha mama yako sumu. Zima, mwanangu."

Alizima. Nurija alimwambia apige simu hospitalini. Nesi Mejra, aliyemhudumia Hasnija tangu mwanzo, ndiye aliyepokea, na sauti yake ilisikika gari zima.

"Gari la wagonjwa liko upande wa pili wa bonde. Greda la theluji litafika kwenu baada ya saa mbili, labda tatu. Mama anapumuaje?"

"Anapumua," alisema Fehim, akimtazama mama yake. "Haraka haraka."

"Mashine nitamshikia mpaka saa tatu na nusu. Baada ya hapo lazima aingie mgonjwa wa zamu ya pili, siwezi kumwonea. Fanyeni muwezalo."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano.

"Haya," alisema Nurija, na sauti yake ilikuwa ile ile ya jikoni. "Lete mchanga."

Fehim alishuka, akabaki amesimama kando ya mlango. Theluji ilimwangukia kwenye nywele.

"Mchanga haupo, baba. Niliuacha nyuma ya duka. Ramiz mwenye duka alifungua buti kunitania. Aliniuliza kama nimefungua biashara ya saruji, kama kesho nitapakia na samadi. Wote wakacheka. Nikaitoa mifuko."

Baba mwingine angekuwa amepata mahali pa kumwaga kila alichokikusanya tangu mwezi wa tisa. Nurija alisema, "Na koleo je?"

"Lilibaki kwenye Niva."

"Basi hatuna mchanga wala koleo. Tuna nini?"

Hasnija aliinua sinia. "Mna hili," alisema. Akaifunga pita katika kitambaa chake cha kichwa cha akiba, akaiweka mapajani, akamkabidhi mwanawe sinia tupu. "Lina makali kuliko koleo la baba yako. Chimba."

Fehim alichimba. Nurija, kwa mikono yake, alizibua bomba la moshi kwanza, kisha akapapasa gurudumu moja baada ya jingine na kumwambia mwanawe wapi pa kuondoa na wapi pa kuacha. Theluji iliyobana chini ya tumbo la gari itoke yote, maana gari lililokalia tumbo haliendi hata likiwa na meno ya simba. Kila gurudumu lichimbiwe njia yake, hatua mbili nyuma, na njia iwe pana. Usukani uwe umenyooka. Mazulia ya chini ya gari yatandikwe nyuma ya tairi zinazosukuma, upande wa mpira ukitazama theluji.

"Sasa utatoka taratibu. Ukisikia tairi zinazunguka, acha. Usibishane nazo. Gari lirudi kidogo, lisimame, liende kidogo, lirudi. Lipe bembea."

"Baba, endesha wewe," alisema Fehim. Akamnyooshea ufunguo.

"Mwanangu, mimi nikiushika usukani mama yako atafika nchi jirani, Montenegro. Panda."

Mara tatu gari lilibembea. Mara ya nne, Nurija akiwa amelisukuma kwa bega puani, lilipanda zulia, likauma, likarudi barabarani kwa upole kama ng'ombe anayeingia zizini mwenyewe. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

"Zimebaki kilomita kumi na tano," alisema Fehim. "Na mteremko mkubwa bado."

Alikuwa ameshika usukani lakini hakuweka gia. Hasnija aligeuza uso, ambao ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho.

"Fehim," alisema. "Mimi siwezi kungoja greda. Nawe unaweza kuendesha. Baba yako ataona kwa makalio, wewe utaona kwa macho. Twende."

Nurija aliegemea kati ya viti viwili, akaweka kiganja begani kwa mwanawe. "Sikiliza. Tairi zako za mbele ni mtu aliyevaa kandambili juu ya barafu. Hawezi kukimbia, hawezi kusimama ghafla, lakini akitembea hatua fupi fupi anafika. Sisi leo tunatembea. Ondoka na gia ya pili, ya kwanza ina nguvu mno. Achia klachi kama unavyomwekea mtoto mchanga mto."

Gari liliondoka bila kutikisika.

"Vizuri. Kona yoyote ukiiona, kazi yote ya kupunguza ifanye kabla, barabara ikiwa imenyooka. Shuka gia, injini ikushikie. Ndani ya kona miguu ipumzike. Usikanyage, usifunge."

Ukitazama kwa mbali ungedhani gari lile jeusi linaongoza mazishi. Kwenye mteremko mkubwa walishuka na gia ya kwanza, injini ikinung'unika, Fehim akiwa hajagusa breki ila mara mbili, na mara zote kwa ncha ya kiatu. Darajani, mahali ambapo upepo ulikuwa umeng'arisha barafu, mkia ulichomoka kwenda kulia. Mtaro ulikuwa pale, wazi, na macho ya Fehim yakaenda kwake.

"Usitazame mtaro," alisema Nurija. "Tazama unakotaka kwenda. Achia mafuta. Mkia umekwenda kulia, usukani nao uende kulia, kidogo. Sasa unyooshe."

Gari likayumba, likafikiri, likanyooka.

Wakavuka. Kisha Hasnija akasema, "Mashaallah," akafungua kitambaa, akamega pita, akamtia mwanawe kipande mdomoni kama alipokuwa na miaka mitatu.

Walifika mlango wa hospitali saa tatu na dakika kumi na nane. Nesi Mejra alikuwa amesimama na kiti cha magurudumu.

"Nyinyi mmekuja na gari au mmekuja nalo mgongoni?" alisema. Lakini alipoona miguu ya Hasnija aliacha utani, akakimbiza kiti. Baada ya nusu saa alitoka kuwaambia kwamba damu inapita kwenye mashine na mgonjwa ameanza kulalamika kuhusu mto, jambo ambalo ni dalili njema.

Baba na mwana walikaa kwenye benchi la ukumbini. Fehim alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Kwa nini hukunigombeza, baba?"

"Kwa sababu nilijua buti ni jepesi kabla hatujatoka kijijini, nikanyamaza. Nilijua habari ya tairi za mbele tangu jana, nikasema nusu ya maneno. Uliuza Niva, nikanyamaza. Wewe uliogopa Ramiz atacheka. Mimi niliogopa wewe utanuna. Tugawane kosa, nusu kwa nusu."

Fehim alicheka kidogo, kisha akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Alisimama bila kuambiwa. Alikwenda kwa fundi wa tairi nyuma ya soko, akafungiwa tairi mbili za mbele, ndugu wa zile za nyuma. Alinunua koleo. Akapita kwa dereva wa gari la wagonjwa, mzee aliyekuwa akinywa kahawa langoni, akamwomba amrudishe Hasnija wa Ravnica kwenye orodha yake kwa siku ambazo redio itatangaza dhoruba.

"Nilisikia mama yako ana dereva wake siku hizi," alisema mzee.

"Anaye," alijibu Fehim. "Bado anajifunza."

* * *

Jumatano, Hasnija akiwa amelala na miguu yake imerudi kuwa miguu, Fehim alilipeleka gari kwenye uwanda wa malisho nyuma ya msikiti, mahali pasipo mti wala jiwe kwa upana wa mita mia tatu. Nurija aliketi kando yake. Walikuwa wamesimika fito kumi na mbili za kuonyesha njia: tano za kona ya kushoto, tano za kona ya kulia, mbili za kusimama katikati. Kwenye buti mifuko mitatu, iliyorudiwa nyuma ya duka, ilikuwa imefungwa kwa mkanda.

"Kile kitufe cha kuzuia kuteleza ulichokizima ili upate kuzunguka mbele ya duka," alisema Nurija, "kikoje sasa?"

"Kimewashwa."

"Kiache hivyo barabarani siku zote. Hapa tutakizima, tukitaka kujua gari linasema nini likianza kuteleza. Lakini kwanza kusimama. Mwendo wa mtu anayetembea. Simama kwenye fito zile."

Alisimama. Akapita hatua tatu. Wakarudia. Akapita hatua mbili. Mara ya sita pua ya gari ilikaa sawasawa kati ya fito.

Kufikia hapo uzio wa malisho ulikuwa na watazamaji. Ramiz alikuwa ameacha duka, na vijana wanne naye, mikono mifukoni, wakingoja moshi na mizunguko. Walichokiona kilikuwa gari la spoti likitambaa kwenye theluji kama mama mjamzito.

"Oya, Fehim!" Ramiz aliita. "Kuku wa jirani yenu Zilha amekupita sasa hivi! Amewasha na indiketa!"

Kicheko kikavuma. Nurija hakugeuka, ila alihisi jinsi bega la mwanawe lilivyokakamaa. Mguu ulikuwa juu ya mafuta. Kukanyaga kidogo tu, na mkia ungepiga duara, theluji ingeruka, na kicheko kingegeuka kuwa mbinja. Kwa kweli, ndugu zangu, kona ya chemchemi haikuwa mahali pa hatari kuliko pale.

Fehim alishusha kioo.

"Muulize kuku huyo amembeba nani!" aliita. "Mimi kesho nambeba mama yangu!"

Vijana walicheka tena, lakini sasa hawakujua wamcheke nani. Mmoja wao, Safet, ambaye alikuwa na gari la namna ile ile huko kwao, aliruka uzio akaja dirishani. "Nyuma umeweka nini?" aliuliza. "Mimi kwangu linacheza sana." Fehim alishuka, akafungua buti, akamwonyesha mifuko ilivyokaa juu ya ekseli, kisha akamwinamisha kuonyesha tairi za mbele. Ramiz alisimama kidogo, akasema ana mteja, akaondoka.

Walifanya kona ya kushoto mara kumi na nne. Katika hizo, mara tisa mkia ulipochomoka Fehim aliudaka bila kuambiwa neno, na mara tano Nurija alisema, "Macho," na yeye akayatoa kwenye theluji akayapeleka mbele. Walipoigeukia kona ya kulia jua lilikuwa limegusa ukingo wa uwanda na theluji imekuwa ya buluu. Alijaribu mara mbili. Zote mbili alichelewa.

"Moja tena, baba."

"Hapana. Umechoka, na mwanga unaondoka. Mtu aliyechoka hujifunza kosa." Nurija alifungua mlango, akasikiliza upepo. "Fito tuziache zilipo. Kesho mama yako akishalazwa kwenye mashine na tukirudi salama, jioni tunaanza na kona ya kulia. Kushoto umeijua. Kulia bado."

Fehim aliweka gia ya pili, akaachia klachi, na gari likaondoka taratibu kuelekea nyumbani, fito kumi na mbili zikibaki zimesimama nyuma yao kwenye theluji.

FUNZO

Ndugu zangu mlio na wana na mlio na wazazi, hadithi hii si ya kulilaumu gari. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linaweza kumfikisha mama yako kwenye mashine katika theluji ya Pešter, na lilimfikisha. Linataka tairi za theluji nne, si mbili, kwa sababu anayekusukuma bila anayekuzuia ni adui yako. Linataka uzito kidogo mahali pake, mguu mwepesi, na macho yanayotazama njia. Haya yote hujifunzwa katika alasiri chache, uwandani, kabla ya kuhitajika.

Kilichotaka kumuua Hasnija kilikuwa hofu ya kuchekwa. Kwa hofu hiyo iliuzwa Niva, likakataliwa gari la wagonjwa, ukaachwa mchanga nyuma ya duka. Wanaotucheka hawatakuwa nasi kwenye kona. Basi ukimbeba mtu unayempenda, kubali kuonekana mshamba. Nawe uliyetangulia, unayejua, usimeze maneno yako kwa kuogopa mwana atanuna. Mwambie kwa upole, mwambie yote, na mwambie mkiwa bado nyumbani.